Zimeingia Zote!

Katika shughuli nzima ya kuhamisha faili kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya, kinachotisha kuliko kirusi na kuliko umeme kukatika ni maneno mawili tu: "Zimeingia zote!" Huyatamka mtu aliyeuona ule mstari wa kijani ukijaa hadi mwisho na kidirisha kikajifunga chenyewe bila manung'uniko. Papo hapo hujinyoosha, huagiza soda, na huanza kuwaza ampe nani ile kuukuu. Hajafungua faili hata moja. Nasema hivi: kompyuta, pamoja na visa vyake vyote, zinasingiziwa. Mpotezaji mkuu wa faili ni binadamu aliyeridhika mapema.

Chukua njia ya mkato, maana hiyo imeliza wengi. Kwenye uso wa kompyuta ya mwanafunzi wa uzamili kuna alama iliyoandikwa TASNIFU, na pembeni yake, chini kushoto, kuna kishale kidogo kilichopinda. Kishale hicho kinasema kwamba hapa hapana tasnifu. Pana anwani ya mahali tasnifu ilipo. Mwanafunzi huibeba alama ile kwenye flashi kwa heshima zote, na kazi huisha kufumba na kufumbua. Wala hashtuki kwamba miaka miwili ya utafiti, pamoja na majedwali na picha za mashamba ya mpunga, sasa ina uzito wa kilobaiti 2. Ni sawa na mtu aliyehama nyumba akang'oa kibao cha namba mlangoni na kuviacha vyombo vyote ndani. Akiibofya kwenye kompyuta mpya, hujibiwa kwa adabu kwamba kinachotafutwa hakipo. Na kweli hakipo. Kilikuwa kwenye ile iliyokwisha kufutwa na kuuzwa.

Utaniambia kompyuta nayo ni mwongo, tazama makadirio yake ya muda: zimebaki dakika 4, mara saa 2, mara sekunde 30, kisha inaganda kwenye asilimia 99 mpaka chai inapoa. Ni kweli, ila uongo huo una sababu. Makadirio hufuata kasi ya wakati ule. Ikinakili video moja kubwa, inateleza tu. Ikifika kwenye folda yenye vifaili elfu kumi, inalazimika kukiandikisha kila kimoja peke yake, na kasi inaanguka. Mwenye mali huchoka na asilimia 99, akajipa moyo kwamba moja iliyobaki haina maana, akachomoa flashi. Sasa hapo mkosaji ni nani?

Au video ya harusi. Flashi ni ya gigabaiti 32, haina kitu, video ni ya gigabaiti 6, na bado inakataliwa kwamba ni kubwa mno. Mtu huapa ameuziwa feki. (Feki zipo tele, nakubali, lakini hii haina hatia.) Flashi za ukubwa huo mara nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao ulianza kutumika mwaka 1996 katika toleo mojawapo la Windows 95, na mpangilio huo haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4 hata nafasi iwe bwerere. Kompyuta imesema wazi, kwa maandishi. Mtu kabonyeza kitufe cha kuruka, tena akaweka tiki kwamba nyingine za namna hiyo zirukwe pia, asisumbuliwe. Ukoo ukija kutaka kuona keki inavyokatwa, kilichopo ni picha za magari yakiegeshwa.

Wapo watakaonicheka kwamba hizo ni habari za enzi za flashi. Siku hizi kila kitu kiko mawinguni, unaandika neno la siri na faili zinakufuata zenyewe. Sibishi, kwa mwenye bando nene. Lakini huduma kama OneDrive na Google Drive kwa kawaida hulinganisha pande zote: kinachofutwa huku hufutwa na kule. Ndipo anapotokea mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kaona hesabu zote kwenye kompyuta mpya, karidhika, karudi kwenye ya zamani kuisafisha kabla ya kumpa mpwa wake. Anafuta folda nzima, hata pipa la takataka analimwaga. Kompyuta mpya, kwa utiifu usio na mfano, nayo inafuta. Bahati yake huduma hizo huvihifadhi vilivyofutwa mtandaoni kwa siku 30 hivi. Akigundua siku ya 40, maelezo atawapa wanachama mwenyewe.

Basi mpe fundi, watasema wengine. Fundi mzuri ni hazina, lakini hubeba anachokijua: nyaraka, picha, muziki. Hajui kwamba mikataba yako ya viwanja umeificha kwenye folda uliyoiita "Takataka" ili watoto wasiichokonoe. Yeye akiona jina hilo hulitii. Fundi mwenye busara atakuuliza, "Bosi, kuna kingine?" Na wewe, huku ukitazama saa, utamjibu hakuna.

Pingamizi lenye nguvu ni la wale wanaosema: beba diski yote, usichague, nafasi siku hizi si ghali. Hapa nusu nakubaliana nao. Fujo inaweza kupekuliwa, kisichokuwepo hakipekuliki. Ila desturi hiyo huzaa folda iitwayo "Kompyuta ya zamani", ndani yake mna "Kompyuta ya zamani", na ndani zaidi mna "Vitu vya kupanga" ambavyo havijapangwa tangu kompyuta tatu zilizopita. Humo mna "barua", "barua mwisho", "barua mwisho kabisa" na "barua mwisho kabisa hii ndiyo", na iliyotumwa ni ya pili. Kero nyingine ni kwamba, kwa mazoea yake ya tangu zamani, Windows huhesabu herufi za majina yote ya folda mpaka kwenye faili, na zikipita 260 programu nyingi hukwama. Kwa hiyo hata mbeba-vyote asiyechagua huacha vitu njiani, na vinavyoachwa ni vile vilivyozama chini kabisa, ambako hachunguli mtu.

Kwa hiyo nakili, usikate. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake (Properties), soma idadi ya faili na ukubwa wake, linganisha huku na kule. Kisha fungua faili kadhaa za kila aina kwenye kompyuta mpya, ukianza na ile ambayo ikipotea utalia, na ufanye hivyo flashi ikiwa imechomolewa na intaneti imezimwa. Kompyuta ya zamani ifungie kabatini miezi mitatu bila kuigusa. Mpwa aambiwe asubiri.