Jumatatu Nayo Ivae: Hatua 7 za Kutoa Rangi Kabatini

Pita kituo cha daladala Jumatatu asubuhi, utadhani mji mzima unakwenda msibani: suruali nyeusi, sketi nyeusi, shati la kijivu, koti la kijivu. Watu hao hao Jumamosi walikuwa ukumbini wamewaka zambarau na dhahabu. Wiki ina siku saba, na rangi tumeipa moja. Tuhesabu kurudi nyuma, kitamu kibaki mwisho.

7. Soksi. Hapa waanzie waoga. Soksi za njano ndani ya kiatu cheusi hazimkeri bosi, na ukikaa zinachungulia kusalimia watu. Ila ukizivaa na makubazi, hatukujui.

6. Mtandio, au chochote kinachokaa karibu na uso. Watu wanazungumza na uso wako, hawazungumzi na sketi. Kabla ya kulipa, toka nao mpaka mlangoni uuone juani. Taa za dukani zimeshawaozesha wengi rangi wasizozitaka. Ushike chini ya kidevu, tazama kioo. Uso ukichangamka, lipa. Ukionekana umeamka na homa, rudisha. Na aliyekwambia mtu mweusi havai njano alikudanganya, tena alikudhulumu miaka mingi. Njano ya embe, chungwa, buluu iliyokolea: ngozi nyeusi ndiyo inayozibeba hasa. Zivae mbele yake.

5. Kaka zetu, shati. Nelson Mandela, akiwa rais wa Afrika Kusini kuanzia 1994 hadi 1999, alipokea wakuu wa dunia akiwa na mashati yake ya maua, bila tai, na heshima yake haikupungua hata chembe. Wewe unaogopa kwenda na batiki kwenye kikao cha idara?

4. Ufuaji. Doti mpya ifue peke yake mara ya kwanza, la sivyo shati jeupe la mzee litageuka la waridi. Maji baridi, geuza ndani nje, anika kivulini. Jua la saa saba linapausha, na nguo iliyopauka ndiyo inayowarudisha watu kwenye nyeusi.

3. Mabaki ya kitenge. Usiyatupe wala usiyafanye kishikio cha sufuria. Mpelekee fundi akutilie kola, mfuko au pindo la mkono kwenye shati jeupe ulilonalo. Unalihitaji Jumatatu? Mwambie Ijumaa. Mafundi tunawapenda, na tunawajua.

2. Khanga iwe mwalimu wako. Wengi hukimbilia nyeusi kwa sababu hawajui rangi gani inaoana na ipi. Jibu umelilalia. Tandaza khanga kitandani, uitazame vizuri: pindo lina rangi yake, mji una yake, na katikati mna kitone kidogo cha rangi ya tatu kinachochangamsha zote. Aliyeichora amekwisha kukupigia hesabu. Rangi ya mji ifanye gauni au shati, ya pindo iwe sketi au suruali, ile ya kitone iwe hereni, mkanda au kipochi. Khanga ya kijani na chungwa yenye vidoa vyeupe inakupa mavazi ya siku nzima. Bibi harusi wa pwani amevaa khanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kizazi baada ya kizazi, na hakuna aliyewahi kusema hapo pamepungua kitu. Pale Mombasa duka la ukoo wa Kaderdina, wauza khanga, lilifunguliwa 1887. Hii elimu ya rangi tunayo muda mrefu, tena inauzwa mbili mbili kwa doti.

1. Sare ya harusi. Unayo. Usibishe. Kamati ilichagua kitambaa, ukachangishwa, ukashona, ukacheza usiku mmoja, na tangu hapo imening'inia kabatini ikisubiri harusi nyingine, ambayo nayo itakuja na sare yake. Gauni likiwa refu, likatwe liwe blauzi. Likiwa na mikono ya mabawa, fundi ayapunguze. Lishushe kwa viatu vya chini na sketi ya rangi moja, uende nalo kazini. Ulilipia nguo nzima, si usiku mmoja. Itoe Jumapili jioni, ipige pasi, na Jumatatu uingie nayo ofisini kifua mbele.