Shajara ya Mlango wa Nyuma

Jumatatu

Mlango wa nyuma umeng'oka pamoja na fremu yake. Mama mkwe alikuwa akitoka uani na beseni la maharage. Alivuta kitasa, mlango wote ukamfuata. Hakuumia. Maharage yalimwagika, na kuku wa jirani wakafika kabla sijachukua ufagio.

Rangi ya fremu ilikuwa nzima, ila ndani yake hamkuwa na mbao. Mchwa wamekula kila kitu wakabakiza rangi na misumari. Fremu hiyo ilikuwa ya paina, iliwekwa ikiwa mbichi na bila dawa. Mlango wa mbele, ambao marehemu baba mkwe aliuchongesha kwa mninga enzi za vijiji vya ujamaa, hauna hata tundu moja. Mama akatoa uamuzi papo hapo.

"Mwanangu, nunueni mninga, tumalizane na mchwa."

Nikamwomba tusubiri kidogo. Usiku tumeziba uwazi kwa bati la zamani na magunia mawili ya alizeti. Upepo wa Agosti hapa Laela hauna kizuizi, kwa kuwa uwanda wa Ufipa una nyasi nyingi kuliko miti. Bati limegonga ukuta mpaka alfajiri.

Jumanne

Fundi amekuja kupima. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia, nikamletea kiti.

Futikamba yake imekatika mwanzoni, inaanzia inchi ya nne. Yeye amezoea, anatoa inchi tatu kichwani. Kijana wake anayeandika hakujua hilo, hivyo vipimo vingine vimetolewa tatu na vingine vimeandikwa kama vilivyotamkwa. Hakuna aliyekumbuka ni vipi. Nimeazima futi ya fundi cherehani wa jirani, tukapima upya kila kitu.

Fundi alipopanda juu kuangalia dari ya jikoni, papi mbili zilivunjika, na silingibodi likashuka juu ya pipa la unga. Sasa tunahitaji fremu, mlango, papi za dari, na nguzo za kibaraza kwa sababu nazo zimeanza kulegea chini.

Jumatano

Jioni amenipigia simu mtu ambaye simfahamu. Alisikia kwamba natafuta mbao.

"Mwalimu, mninga upo, umetoka bondeni. Lakini njoo usiku."

Nilimuuliza kuhusu hati ya kusafirishia. Akasema hati ni usumbufu, kwamba mbao ni mbao. Nikamshukuru, nikakata simu. Shemeji alikuwa amekaa pembeni, akasikitika sana. Kwake yeye nyumba yenye mlango wa paina haijaisha.

Nimemweleza kwa urefu, maana jambo hili linanikera. Mninga hauoti kama mahindi. Mche wake mchanga hukauka juu ya ardhi kila kiangazi au huungua kwa moto wa nyasi, mzizi ukabaki hai chini, ukachipua tena mvua zikija. Mche unaweza kurudia hivyo kwa miaka mingi kabla haujapata nguvu ya kupanda juu moja kwa moja. Baada ya hapo unahitaji miongo kadhaa ili uwe mnene wa kutoa mbao ya fremu. Gogo linalokatwa usiku huko bonde la Ziwa Rukwa huenda lilianza kukua kabla ya Uhuru, na hakuna aliyepanda lingine mahali pake. Novemba 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikutana Panama, zikaiweka miti ya Afrika ya jamii ya mninga, na ile ya jamii ya mkongo, katika orodha ambayo biashara yake ya kimataifa lazima iwe na kibali. Mkurungu, ndugu wa mninga, ulikuwa umetangulia kuingia humo mwaka 2019 baada ya kukatwa ovyo kwa jirani zetu Zambia.

Shemeji akauliza kama basi ninaukataa mninga kabisa. Hapana. Kule Kilwa kuna vijiji vyenye misitu yao vinavyovuna kwa mpango, vikijua ni miti mingapi inaruhusiwa na ipi iachwe. Mwaka 2009 misitu ya baadhi ya vijiji hivyo, kwa msaada wa shirika la MCDI, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC. Mninga wa namna hiyo ningeununua mchana kweupe na kumwonyesha kila mgeni. Huu wa usiku haujulikani umetoka wapi, na anayeununua ndiye anayelipia msumeno wa kesho.

Shemeji amekula akaondoka. Hakukubali, ila hakubisha tena.

Alhamisi

Nimekwenda Sumbawanga na kosta ya asubuhi, kilomita 95 hivi. Fundi alikuwa amenipa maelekezo ya kununua paina "iliyokomaa". Duka la kwanza mbao zote zilikuwa nyeupe, nyepesi, na mwishoni mwake pete zilikuwa pana sana. Nilihesabu pete kwenye kipande kilichobeba kiini cha mti: saba. Mpaina wa kupata mbao nzuri huachwa miaka kumi na minane au zaidi. Huyu alikatwa akiwa mtoto, kwa sababu mwenye shamba alihitaji ada ya shule, na mashine ya kupasulia mbao, dingdong, ilikuwa imefika kijijini. Simlaumu mwenye shamba. Ila mbao hiyo hupinda, hupasuka, na mchwa huipenda, kisha inabidi mti mwingine ukatwe kufidia. Ukiangalia hesabu ya miti, mbao ya bei rahisi ndiyo inayokula msitu zaidi.

Duka jingine walikuwa na paina kutoka Mufindi, ambako lipo shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali. Pete zilikuwa nyembamba na za kutosha. Nimechukua mbili kwa nne zilizotiwa dawa kwa ajili ya fremu, zile zenye rangi ya kijani, na papi za kawaida kwa ajili ya dari. Papi zilikuwa bado na maji, nikaambiwa zitakauka njiani.

Hazikukauka njiani, kwa sababu hazikufika. Muuzaji aliandika kwenye hati idadi ndogo kuliko iliyopakiwa kwenye Fuso. Kwenye kizuizi cha ukaguzi wa mazao ya misitu walihesabu mara mbili. Dereva alimpigia muuzaji simu, muuzaji akasema anakuja, na saa kumi na mbili jioni ikafika. Hati ikiwa bado haijasahihishwa, gari halikuruhusiwa kuondoka. Mbao zikalala kizuizini, na dereva akalala nazo. Mimi nilipata kiti kwenye basi la Tunduma, katikati ya gunia la dagaa na mtoto aliyelala begani kwangu mpaka Laela.

Dereva amekasirika sana. Mimi naona walifanya kazi yao sawasawa. Kama mbao zangu zisingehesabiwa, za yule wa usiku nazo zisingehesabiwa.

Ijumaa

Mbao zimefika mchana, hati ikiwa imesahihishwa. Nimezipanga papi kivulini nyuma ya nyumba, nikaziinua juu ya matofali, na kati ya safu na safu nikaweka vijiti ili hewa ipite. Juu nikaweka mawe mazito ya kuzuia zisipinde. Papi nyembamba hukauka kwa wiki chache katika upepo wetu mkavu; mbao nene hutaka miezi. Mbao ikipigiliwa mbichi hukaukia darini, na huko juu itapindia upande inaoutaka yenyewe.

Kisha nikarudi shuleni. Nilipotoka jioni vijiti havikuwepo. Mama alivikuta vimekatwa vizuri, vikavu, vya urefu mmoja, akapikia makande. Papi zilikuwa zimelaliana. Makande yalikuwa yameiva. Nimekata vijiti vingine, na nimemweleza Mama kazi yake. Amesema angeambiwa mapema asingevigusa.

Jumamosi

Fundi ameanza fremu. Kila alipokata mbao ya kijani alipaka dawa mahali palipokatwa, kwa sababu dawa ya kiwandani haifiki mpaka moyoni mwa mbao, na msumeno hufungua njia kwa mchwa. Hilo nimelipenda. Fundi mwingine angemimina oili chafu na kuondoka, na nyumba ingenuka gereji mpaka Krismasi.

Saa ya chakula cha jioni nimekuta vipande vya kijani vinawaka chini ya sufuria ya ugali. Nimeitoa sufuria, nimeuzima moto kwa maji, na nimewatoa watoto jikoni. Mbao za kijani za namna hii kwa kawaida hutiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Ndani ya ukuta haina neno. Ikichomwa, aseniki hubaki kwenye jivu na hutoka na moshi, na jivu ndilo tunalosugulia masufuria na kumwaga kwenye mboga. Tumezoa jivu lote na vipande vyote, tukafukia mbali na kisima. Wageni wa Mama, waliokuja kumjulia hali, wamekula saa nne usiku. Walikuwa wavumilivu.

Naomba kila mwenye fundi nyumbani ahakikishe vipande vya kijani havibaki uani. Hakuna anayewaambia akina mama jambo hili dukani.

Jumapili

Baada ya ibada wameuza mabenchi ya zamani, kwa sababu kanisa limepata viti vya plastiki. Nimenunua matatu. Ni mninga mtupu, mbao za inchi moja na nusu, zimekauka kuliko mbao yoyote ya dukani. Hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake leo, ulishakatwa zamani.

Tukiwa tunayapakia kwenye guta, bibi mmoja alikaa juu ya benchi la katikati. Alisema hapo ndipo anapokaa. Tukamsubiri. Mzee wa kanisa akamletea kiti cha plastiki; bibi akakijaribu, akarudi kwenye benchi. Mwishowe nimepakia mabenchi mawili yaliyobaki, na lile la bibi limerudishwa ndani na nimerudishiwa pesa yake. Kwa mlango mmoja, mawili yanatosha.

Jumatatu

Baba mdogo ametupa mikaratusi kwa ajili ya nguzo za kibaraza. Sharti lake ni kwamba tuchimbe mashimo ya miche mipya kabla ya mvua za Novemba. Sharti zuri. Wanangu walipoanza, mpini wa jembe ulivunjika kwenye shimo la kwanza. Walikuwa wamegonga pande zito jeusi lenye matundu. Tulipochimba pembeni tukapata mengine. Yalikuwa mavi ya chuma.

Wafipa walifua chuma hapa kwa vizazi vingi, katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, yanayofika kama mita tatu, yasiyotumia mivuo bali upepo wenyewe uliovutwa kupitia matundu ya chini. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, ameyachunguza matanuru ya Ufipa kwa miaka mingi. Kila tanuru lilikula mkaa, na mkaa ni miti. Sasa tunachoma matofali kwa kuni na kupikia mkaa. Nimewaambia wanangu kwamba shimo hili linastahili mti kuliko mengine yote.

Tumebishana na baba mdogo kuhusu mti wenyewe. Anataka mikaratusi tena kwa sababu hukua haraka. Nimemkubalia kwa upande wa juu wa shamba. Karibu na kisima nimemwomba aache, kwa kuwa mkaratusi hunywa maji mengi. Pale tuweke migrivelia, ambayo hutoa mbao nzuri za fremu na kuni za matawi bila kuukata mti. Amesema atafikiri.

Nguzo moja imepasuka mwishoni ilipoanza kukauka, na misumari mitano imepinda. Mkaratusi unataka kutobolewa kwanza. Fundi alitoboa, ikaingia.

Septemba, mwishoni

Papi zimekauka, zimepanda juu, dari imefungwa. Mlango wa mabenchi umerandwa na rangi yake nyekundu ya kahawia imetokea. Randa iligonga msumari uliojificha, na fundi amepoteza nusu siku kunoa. Alipoutundika mlango ulifungukia nje, ukagonga simtanki. Ameung'oa, amezigeuza bawaba, sasa unafungukia ndani. Mama anaufungua na kuufunga akiwa na beseni mkononi.

Kilichotuchelewesha zaidi ni kukausha. Watu wengi wa hapa hawana kivuli wala nafasi ya kupanga mbao kwa wiki kadhaa. Wananunua leo, wanapigilia kesho, na baada ya miaka michache wananunua tena. Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga ina makao yake hapa Laela. Naiomba ijenge karibu na soko banda moja la kukaushia mbao, lenye paa, lisilo na kuta, ambako mnunuzi ataacha mbao zake kwa ada ndogo mpaka zikauke. Nguzo za banda hilo zinaweza kuwa mikaratusi ya hapa hapa, na upepo tunao bure.