Mwenye Mbio ni Wangu

Kuna watu ambao mbio za farasi zikiisha hawana habari na aliyeshinda. Macho yao yako kwa aliyeingia wa nne. "Umemwona yule alivyokuja?" watakuuliza, na usipojibu haraka watakushika mkono. Mimi ni wa kundi hilo. Elimu yangu nimeisoma vizuri na hesabu zangu ziko sawa; wanaoniangusha ni farasi.

Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la sita. Tuseme mbio ni za mita 1,600. Farasi anayeongoza anaipita nguzo ya mita 400 za mwisho saa ikisoma dakika 1 na sekunde 12, kisha anakata mstari kwa dakika 1 na sekunde 37.5. Kipande cha mwisho, basi, amekikimbia kwa sekunde 25.5. Sasa njoo kwa farasi wako. Pale kwenye nguzo alikuwa nyuma kwa urefu wa farasi 8, na mwisho kashindwa kwa urefu wa farasi 2 tu. Kafidia 6. Wamarekani kwa mazoea yao huuhesabu urefu mmoja kuwa sehemu moja ya tano ya sekunde, kwa hiyo toa sekunde 1.2, utabaki na 24.3. Kombe kachukua mwingine, lakini mwenye mbio ni wako. Siku nyingine masafa yakiongezwa kidogo, nani atamzuia?

Swali hilo limekula jioni zangu nyingi hapa Dubai.

Kila dhehebu lina walii wake, na wa kwetu ni farasi Secretariat. Mwaka 1973, kwenye Kentucky Derby, alikimbia vipande vitano vya robo maili, na kila kipande kilikuwa cha kasi kuliko kilichotangulia: sekunde 25.2, kisha 24, 23.8, 23.4, na cha mwisho 23. Jumla dakika 1 na sekunde 59.4, na rekodi hiyo ya Derby haijavunjwa mpaka leo. Tunazijua namba hizi kwa moyo, wengine wetu kuliko namba za simu za wake zetu.

Uwanja wetu huku ni Meydan, uliofunguliwa mwaka 2010. Msimu huanza Novemba, joto likishapungua, na kufungwa Machi au Aprili kwa Dubai World Cup. Siku za kawaida kuna sehemu ya kuingia bure. Kubeti hakuna; unachopewa ni kadi, nayo ya bure, ujaze unaodhani watashinda, na ukipatia una zawadi yako. Yaani mahali pazuri kabisa pa kufanyia utafiti bila kuuza kiatu.

Huwa nakwenda na mwenzangu wa chumba, Mpemba, fundi wa viyoyozi. Yeye kadi yake huijaza kabla sijamaliza kufungua daftari. Anatafuta mpanda farasi aliyevaa buluu, anamwekea alama, anarudi kwenye karanga zake.

Mimi husimama kwenye uzio na saa ya simu mkononi. Usiku mmoja farasi wameifikia nguzo, nimebonyeza, na papo hapo kioo kimejaa picha ya mama. Anapiga kutoka Unguja. Kumkatia mama simu ni jambo ambalo sikulelewa nalo, na farasi nao hawakulelewa kusubiri.

"Mwanangu, mbona makelele? Uko harusini?"

"Niko kwenye farasi, mama."

"Unapanda?"

"Napima muda."

Akanyamaza kidogo. "Unakula vizuri huko?"

Nilipoirudia saa, ilionyesha kwamba farasi mmoja wa rangi ya kahawia kakimbia mita 400 kwa sekunde 11. Nikaiandika hivyo hivyo, maana mtafiti haruhusiwi kuchagua matokeo. Mpemba alichungulia daftari, akapiga hesabu kwenye kalkuleta yake ya kazini, akapata kilomita 130 kwa saa. "Yakhe," alisema, "huyu atapigwa picha na kamera za barabarani."

Lakini huyo alikuwa wa kusingiziwa. Aliyenitia simanzi ni wa halali, farasi wa kijivu ambaye nilikuwa nimemfuatilia msimu mzima, kila mara anamaliza kama anadaiwa. Siku moja masafa yaliongezwa, nami nikamwekea alama kwa kalamu nyekundu. Alitoka wa mwisho kwenye geti, sikujali. Kwenye kona bado wa mwisho, nikaanza kumweleza Mpemba faida za subira. Mita 200 za mwisho akafunguka, akapita mmoja, wawili, watano. Akamfikia kiongozi akampita kwa raha kabisa, wapiga picha wakiwa tayari wameshashusha kamera zao. Mstari ulikuwa nyuma yao mita 50 nzima.

"Umemwona alivyokuja?" nikasema.

"Nimemwona," Mpemba akajibu. "Sasa akawaambie wenyewe waanze upya."

Ukweli ambao watu wa saa hatupendi kuutaja ni kwamba farasi mbioni aghalabu wanazidi kuchoka, hasa kwenye mchanga. Yule unayemwona "anakuja" mara nyingi naye anapunguza mwendo, ila anapunguza kidogo kuliko walio mbele, mithili ya mtu anayewapita wenzake ngazini kwa sababu wao wamesimama kuhema. Muda wake wa mwisho ni habari ya waliotangulia kuliko yake. Wakienda mbele kwa fujo, wa nyuma ataonekana shujaa. Wakienda taratibu, wote watakuwa na nguvu mwishoni, na sekunde zake nzuri hazitamsogeza popote. Hii ya pili hutokea sana kwenye nyasi.

Na mchanga una lake. Tangu Meydan waondoe sakafu ya bandia mwaka 2014 wakarudisha mchanga, anayekaa nyuma anakula mchanga wa walio mbele. Wapanda farasi huvaa miwani kadhaa kwa pamoja, moja juu ya nyingine, wanaivuta chini moja moja ikichafuka. Watazame wakirudi: wa kwanza uso safi, wa saba kama katoka kuchimba msingi.

Mtaniambia: na farasi Arrogate je? Ndiyo, Machi 2017 kwenye Dubai World Cup alisukumwa pale getini, akabaki nyuma ya wote, akazunguka nje na kumpita Gun Runner, akashinda kwa zaidi ya urefu wa farasi 2. Watu wa dhehebu letu walikumbatiana na wasiowajua. Lakini Arrogate hakuwa farasi wa kuja kutoka nyuma. Mwaka uliotangulia alishinda mbio za Travers kule Saratoga, Marekani, akiongoza kwa urefu wa farasi 13 na nusu, dakika 1 na sekunde 59.36, rekodi ya uwanja. Dubai alichelewa kwa bahati mbaya, akashinda kwa sababu alikuwa bora kuliko wote. Baada ya hapo hakushinda tena hata mbio moja.

Nayo buluu ya Mpemba ni ya Godolphin, zizi la mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed bin Rashid mwenyewe, ambalo Meydan ni nyumbani kwake na hushinda hapo msimu baada ya msimu. Mpemba hajui hata Godolphin ni nini. Kadi yake kila wiki ina alama nyingi za kupatia kuliko yangu, na anakataa kunisikiliza nikimweleza kwa nini hilo halina msingi wa kitaalamu.

Kwa hiyo ukija Meydan na ukataka kutumia saa, sikiliza hukumu yangu: muda wa mwisho uamini pale tu umeshaujua muda wa mwanzo. Kama walioongoza walikwenda taratibu na farasi wako bado akawakaribia, mwekee alama. Kama walikwenda kwa fujo na mbio zilikuwa za mchanga, msamehe, mwache alivyo, na utafute aliyevaa buluu.