Mchele wa Kyela, Sahani Moja

Mwanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey walipofika kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, walikuta vijana wa kiume wa rika moja wakijijengea kijiji chao, wakizunguka kula pamoja kwa mama zao, kisha wakizeeka wakiwa majirani. Kitabu cha Monica cha 1951 kikaitwa Good Company. Enzi hizo, mwanamume aliyejitenga kwa maringo alikuwa anajitafutia tuhuma za uchawi.

Mjukuu wa vijiji hivyo sasa yuko Dar es Salaam, Mbezi, nyuma ya ukuta uliopandwa vipande vya chupa. Jirani anamtambua kwa honi na mbwa. Mchele wa Kyela anao, kilo 50, umeshuka na basi. Anakula na runinga.

Msiba ukitokea Ipinda, kwao Kyela, naye "anahudhuria": emoji mbili za mikono kwenye kundi la WhatsApp, halafu elfu kumi kwa simu, na ujumbe wa muamala anaubandika kundini ili hata wasiomfahamu washuhudie majonzi yake. Mweka hazina wa kundi, ambaye hajawahi kuonana naye, humjibu papo hapo: "Pole sana kaka. Na ya kutolea?"