Namna ya Kulala Mchana Buzuruga

Umepata shifti ya usiku kwenye kiwanda cha samaki. Hongera. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akulipe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Usiitumie yote kwenye vinywaji vya kukuweka macho. Utaitumia.

Kwanza, ukitoka getini kwepa jua. Ubongo una saa yake, na mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha. Ukikupiga usoni, saa hiyo huamini kumekucha na kulala kutakuwa vita. Vaa miwani myeusi. Mzee wa jirani atakusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Itikia kama mtu aliyeamka. Ukimwambia ndiyo kwanza unakwenda kulala, kufika jioni mtaa mzima utajua unakunywa.

Pili, panda kitandani kabla bati halijachemka. Ziba dirisha kwa kanga mbili, zima simu. Makonda wa stendi, mashine ya kusaga na fundi wa mageti utawazoea. Usichokizoea ni mlango. Kanuni ya hapa haijaandikwa popote: anayeonekana nyumbani mchana hana kazi. Kwa hiyo mama mwenye nyumba atakuachia mjukuu "dakika tano tu, mwanangu, si upo?" Utapokea mtungi wa gesi wa jirani. Kukiwa na msiba, wewe ndiye utakayefunga turubai. Jaribu kumgongea mama huyo saa nane usiku akushikie mtoto, kisha anza kutafuta chumba kingine.

Tatu, kula kidogo usiku. Saa hizo mwili hauimudu sukari vizuri, hivyo ugali uleule wa mchana utaiacha nyingi zaidi kwenye damu. Lakini chakula cha kiwandani ni bure, basi tuendelee.

Nne, mwaka 2007, na tena 2019, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Nyama nyekundu nayo imo humo. Usimwambie mama yako, atakukataza nyama.

Tano, mwombe msimamizi zamu zisogee mbele: asubuhi, mchana, kisha usiku. Mwili huzifuata kwa urahisi zaidi kuliko zikirudi nyuma. Wavuvi wa dagaa nao hukesha, ila mbalamwezi ikikolea hupumzika, kwani taa zao hazivuti kitu. Usimtajie msimamizi habari za mwezi.

Mwisho, siku ya mapumziko lala usiku kama watu. Saa tisa utakuwa macho makavu, unafua. Fua polepole, usigongeshe ndoo: majirani wamelala, na mtaa huu unaheshimu sana usingizi wa mtu.