Jinsi ya Kuingia Bungeni Bila Kupigiwa Kura

Kwanza tafuta koti. Usianze na kitambulisho, wala barua kwa Karani wa Bunge, wala nia njema. Anza na koti. Jengo la Bunge la Nairobi lilibuniwa na Amyas Connell, msanifu mzaliwa wa New Zealand, likajengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hali ya Hatari ilitangazwa mafundi wakiwa bado juu ya ngazi. Mnara wake wa saa ni mdogo wake ule wa London, na nyumba ya ukoo huo haimtazami mgeni usoni, humtazama shingoni. Mimi niliingia mara moja, na koti la shemeji. Mikono yake ilinifunika vidole, tai ilikuwa ya shule ya mwanangu, nikakaa kwenye roshani ya umma saa mbili nimebana viwiko kama kuku aliyenyeshewa. Hakuna aliyenisumbua.

Kabla hujapita, inua macho. Mlangoni pana maandishi ya Kiingereza yanayosema nyumba hii ni kwa ajili ya ustawi wa jamii na utawala wa haki wa wanaume. Mfasiri mwenye adabu ataandika "watu". Ila tangu uhuru hadi 1969, Kisumu Mjini walipomchagua Grace Onyango, Bunge halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja, na maandishi yale hayakuhitaji adabu ya mfasiri.

Sasa lugha. Tarehe 4 Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru kwamba Bunge lijadiliane kwa Kiswahili, tena kuanzia papo hapo. Hata ugali hungojewa maji yachemke. Piga picha ya mheshimiwa aliyezoea kunguruma kwa Kiingereza cha chuo kikuu: leo anasimama, anakohoa, anamshukuru Bwana Spika, anamshukuru tena, kisha anakumbuka kwamba ana mafua. Uzuri zaidi, miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Karatasi iko mkononi kwa lugha moja, mdomo unatakiwa useme nyingine, na ngeli zimesimama katikati na marungu. Ki-vi, li-ya, u-zi, kila moja inadai haki yake kabla mswada haujasomwa. Mwaka 1979 Kiingereza kilirudishwa kuketi pamoja na Kiswahili, na nadhani wengi walipona mafua siku hiyo.

Siku hizi utachagua lugha, lakini Kanuni za Kudumu zinataka uliyoanza nayo ndiyo umalizie nayo. Hilo Mnairobi hajaliweza hata akiagiza chai.

Ukishaketi utaiona siwa. Bila siwa hakuna kikao. Jina ni la kwetu Pwani: siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili ziliundwa zipulizwe mji mzima usikie. Ya Bungeni ni rungu. Haina tundu, haina sauti, hubebwa begani na kulazwa mezani. Aliyeipa jina hilo ama hakuwahi kufika Lamu, ama alikuwa mtani mkubwa.

Kutoka ni somo la peke yake. Oktoba 1975, mbunge Martin Shikuku alisema kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Akadaiwa ushahidi. Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini, akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye polisi waliingia katika viwanja vya Bunge wakawachukua wote wawili, na ushahidi ukawa umewasilishwa. Walikaa kizuizini bila kushtakiwa mahakamani hadi Desemba 1978. Miezi michache kabla yake, Mzee Kenyatta alikuwa amefariki, akazikwa katika uwanja wa Bunge. Ndiye peke yake aliyepata makao ya kudumu pale bila kurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka mitano.

Ukiona safari ni ndefu, ilikuwapo njia ya kulileta Bunge nyumbani kwako. Noti ya zamani ya shilingi 500 ilichapwa picha ya jengo hilo mgongoni. Wakati wa kampeni biashara ilikuwa nyepesi: mgombea anakupa picha ya Bunge, wewe unampa Bunge lenyewe. Sijui nani alipunjwa. Noti angalau ilinunua unga.

Usije na mifugo. Mei 2013 wanaharakati walimpeleka nguruwe na watoto wake hadi langoni, pamoja na damu, kuwapa salamu wabunge wapya waliokuwa wakidai mishahara minono kabla viti havijashika joto.

Mtoto pia mwache. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia ukumbini na mwanawe wa miezi mitano, akaamriwa atoke, kwa sababu kanuni zilimhesabu mtoto kuwa mgeni. Sheria ya Afya ya 2017, ile inayomtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, ilipitishwa na Bunge hilo hilo. Mtoto hakuwa ameisoma.

Ipo njia moja ambayo sitaweza kuifundisha. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na muda si muda vijana waliokuwa barabarani kuupinga wakaingia ndani, bila barua, bila tai. Waliingia ukumbini. Wengine walifika hadi kantini, wakala chakula cha waheshimiwa. Sehemu ya jengo ikawaka moto. Nje, risasi zilikuwa zimeshaua. Kesho yake Rais alisema hatatia sahihi.

Nimezitazama picha za siku ile mara nyingi. Koti ni nadra. Wengi wamejifunga bendera mabegani.

Wewe ukija, njoo mapema. Koti lipige pasi.