Uchumba wa Jogoo wa Unyanyembe

Katika nyua za Tabora, huko Unyanyembe, chini ya miembe ya njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, jogoo wa kienyeji hujiona mtemi, ingawa himaya yake ni mitetea kumi na jaa moja. Uchumba wake ni mfupi: huteremsha bawa hadi likwaruze vumbi, humzunguka mtetea kwa hatua za kando, kisha humpanda, yaani humkanyaga mgongoni huku akimng'ang'ania manyoya ya kisogo kwa mdomo, na shughuli yote huisha kabla jirani hajageuza shingo. Kwa kuwa hana uume, hugusanisha tu tundu lake la nyuma na la jike, jambo lisilowiana hata kidogo na makelele yake ya alfajiri. Pengine huita kana kwamba ameokota punje ilhali mdomo ni mtupu, kama msafara ulioahidi hongo, yaani ushuru wa kupita, wakati mizigo imekwisha. Mitetea, wakishamzoea, huacha kuitika. Hata jogoo wa hadhi ya chini akitumia mabavu, mtetea huweza kuitema mbegu yake na kuihifadhi ya mwingine kwa wiki mbili hivi. Wanaojiita majogoo wa mtaa wamekwisha arifiwa.